Biashara ya nyumbani: kodi nyepesi ni ya aliyejiandikisha, si ya anayejificha

Katika mitaa ya Butembo, Bunia, Kindu na Lubumbashi, biashara nyingi hazina ubao mlangoni. Mama anashona nguo za harusi katika chumba cha wageni. Jirani yake anapika mikate na keki nyuma ya nyumba. Kijana mwenye ordinateri moja na imprimanti anachapisha kazi za wanafunzi chumbani mwake. Mwingine anasuka nywele barazani, na mwingine anauza maji ya baridi na samaki kutoka frigo ya jamaa. Wengi wao wanaamini kwamba faida ya kwanza ya kufanyia kazi nyumbani ni kutoonekana na ajenti wa kodi.

Faida hiyo ni ndogo kuliko wanavyofikiri. Sheria za Kongo zimeweka kodi nyepesi kwa mwenye biashara ndogo, lakini nafuu hiyo inamfikia yule anayejulikana na Leta. Anayejificha anabaki bila ulinzi: kila anayebisha mlango na kujiita ajenti anaweza kumtoza anachotaka, leo 5.000, kesho 10.000, bila karatasi yoyote. Mwisho wa mwaka amelipa, lakini hana cha kuonyesha.

Kodi yenyewe ni kiasi gani?

Msingi ni amri-sheria namba 13/006 ya tarehe 23 Februari 2013, ambayo iliweka mpango wa kodi kwa biashara ndogo. Iliwagawanya wafanyabiashara hao katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni biashara ndogo sana, yaani ile ambayo mauzo yake ya mwaka mzima hayapiti franga za Kongo 10.000.000. Hiyo ilipangiwa kodi moja ya mapato: franga 50.000 kwa mwaka. Aliyeuza 3.000.000 na aliyeuza 9.000.000 wote wanalipa hiyo hiyo.

Fungu la pili ni biashara yenye mauzo zaidi ya 10.000.000 lakini chini ya 80.000.000 kwa mwaka. Hapo kodi inahesabiwa kwa asilimia: 1% ya mauzo kwa anayeuza bidhaa, na 2% kwa anayetoa huduma, kama vile kutengeneza simu ao kuchapisha makaratasi.

Tufanye hesabu. Tuseme fundi wa kushona anaingiza 600.000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 7.200.000, basi yuko katika fungu la kwanza. Kodi yake ya 50.000, ukiigawanya kwa miezi 12, haifiki hata 4.200 kwa mwezi. Mama anayeuza unga na mafuta nyumbani kwa 2.000.000 kwa mwezi anafika 24.000.000 kwa mwaka. 1% yake ni 240.000. Kijana wa huduma mwenye mauzo kama hayo atalipa 480.000.

Lakini jambo moja linawaponyoka wengi: kodi hiyo inafuata mauzo, haifuati faida. Muuza unga anayebakiwa na faida kidogo kwa kila mfuko anahesabiwa kila franga iliyoingia, hata ile aliyomrudishia muuzaji wa jumla. Ndiyo maana mwenye biashara anapaswa kujua mauzo yake yote ya mwaka kabla ya kupanga bei, hasa anapokaribia ule mpaka wa 10.000.000.

Kuna nafuu nyingine pia. TVA, kodi ya 16% iliyoanza kutumika nchini tarehe 1 Januari 2012, haimlazimu mwenye mauzo yaliyo chini ya 80.000.000 kuitoza na kuitangaza. Fundi wa nyumbani hana haja ya kuiongeza juu ya bei ya mteja wake, wala kupeleka matangazo ya TVA kila mwezi.

Nyumba yenyewe inasaidia wapi?

Nafuu kubwa ya nyumba inaonekana kabla ya kufika kwenye kodi. Anayefanyia kazi nyumbani halipi garanti ya duka barabarani, wala bei ya nyumba ya pili kila mwezi, wala kodi ya meza inayotozwa sokoni kila siku. Feza hiyo inabaki katika mtaji.

Kwa upande wa kodi ya mapato, sheria ya tarehe 10 Februari 1969 iliweka kanuni inayogusa nyumba moja kwa moja. Mwenye kulipa kodi juu ya faida aliruhusiwa kutoa, kama gharama za kazi, bei ya nyumba anayolipa kweli kwa sehemu ya jengo inayotumika kwa kazi, pamoja na gharama za kuitunza na taa yake. Kama chumba kimoja kati ya vinne ni karakana, sehemu ya chumba hicho tu ndiyo inaweza kuhesabiwa. Na anayekaa katika nyumba yake mwenyewe hawezi kujiandikia bei ya nyumba ambayo halipi kwa mtu.

Hata hivyo, kanuni hiyo haimpi kitu mshonaji wa 7.200.000. Yeye halipi juu ya faida, basi hana mahali pa kutoa gharama. Nafuu yake ni ile 50.000 isiyobadilika. Kanuni ya gharama za nyumba ina maana kwa aliyekwisha kuvuka mpaka wa biashara ndogo, ambaye anatozwa juu ya faida na anafanya hesabu kamili.

Kujiandikisha bila registre de commerce

Wengi wanaogopa kujiandikisha kwa sababu wanafikiri ni kufungua kampuni. Tangu Kongo ilipoingia OHADA mwaka 2012, kuna njia nyepesi. Sheria ya biashara ya OHADA, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, ilianzisha hali ya « entreprenant »: mtu mmoja, si kampuni, anayefanya kazi ndogo ya biashara, ufundi, huduma ao kilimo.

Huyo haandikishwi katika registre de commerce. Anajaza fomu ya kutangaza kazi yake katika ofisi ya greffe ya tribinali ya mahali anapofanyia kazi, na sheria inasema tangazo hilo ni bure. Anapewa namba, na kisheria haanzi kazi kabla ya kuipata. Namba hiyo anaiandika katika faktira zake. Kwa upande wa kodi, sheria ya 2003 juu ya utaratibu wa kodi inamtaka kila anayeanza kazi aombe namba ya kodi kwa DGI ndani ya siku 15.

Kitu cha lazima kila siku ni daftari. OHADA inamtaka entreprenant aandike kila siku feza iliyoingia na imetoka wapi, akitenga ile ya mkononi na ile iliyopita njia nyingine, kisha feza iliyotoka na imekwenda wapi. Anayeuza bidhaa anaongeza orodha ya vitu alivyonunua. Daftari linatunzwa miaka 5. Kwa wengi wanaolipwa kwa simu, sehemu ya kazi hiyo imekwisha kufanyika: ujumbe wa malipo uko katika simu, unahitaji tu kuandikwa kabla haujafutika.

Akina mama ndio wengi katika biashara za nyumbani, na zamani sheria ya jamaa ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kwa mambo mengi ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Mama anaweza kujiandikisha kwa jina lake mwenyewe.

Anapobisha ajenti

Kujiandikisha hakumalizi malipo yote. Iko patente, inayotolewa kila mwaka kwa wenye biashara ndogo, na ziko kodi za jimbo, mji na komini. Orodha ya kodi hizo iliwekwa na amri-sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Ibara ya 174 ya Katiba inasema hakuna kodi ila iliyowekwa na sheria. Basi swali la kwanza kwa anayedai ni rahisi: kodi hii inaitwa nani, na inatoka katika sheria gani?

Kwa biashara ya nyumbani kuna ulinzi wa pili. Ibara ya 29 ya Katiba inasema nyumba ya mtu haiguswi. Kuingia na kupekua kunafanyika tu kwa namna iliyopangwa na sheria. Ajenti anayetaka kuona karakana iliyo ndani ya nyumba aonyeshe kwanza kadi yake na ordre de mission. Na kodi ya DGI inalipwa katika benki, kwenye konti ya Leta. Feza iliyobaki mkononi mwa ajenti haihesabiwi kuwa imelipwa.

Kuna maeneo ambako utaratibu huu haufuatwi kwa sasa. Goma tangu Januari 2025 na Bukavu tangu Februari 2025 ziko mikononi mwa AFC/M23, ambayo inakusanya kodi kwa mpango wake. Wakaaji wa huko, na waliokimbia kwenda kuanza upya Beni, Bunia ao Kisangani, wana sababu moja zaidi ya kutunza daftari na kila karatasi ya malipo: mtu aliyepoteza mashini na bidhaa atahitaji kuonyesha siku moja kwamba vilikuwa vyake.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, kazi ni nne. Ajumlishe mauzo ya miezi 12 ajue yuko katika fungu gani. Aende greffe, ao kwenye Guichet unique pale ilipo, aombe fomu ya entreprenant. Aende DGI kuchukua namba ya kodi, na aulize hapo hapo kiwango cha mwaka huu, kwa sababu sheria ya fedha inaweza kukibadilisha. Na jioni hiyo hiyo, kabla ya kufunga mlango, aandike ukurasa wa kwanza wa daftari.