Je, Wajua? Betri ya boti hufa ikiwa imelala

Kusi ikichafua bahari, boti nyingi ndogo za Shella, Malindi, hukaa siku nyingi bila kwenda kuvua. Betri nayo hujimaliza polepole, na joto letu huharakisha hali hiyo.

Betri ya risasi ya volti 12, ikiwa imejaa na kupumzika, husoma takriban 12.7. Ikisoma 12.1, imebaki nusu hivi. Iache hapo kwa wiki kadhaa, na fuwele za salfeti ya risasi zitaganda kwenye mabamba yake. Chaji ya baadaye haiziondoi zote. Hapo ndipo pesa za mvuvi hupotelea.

Paneli ndogo ya sola yatosha kuilinda, ila usiiunganishe moja kwa moja: paneli iitwayo ya volti 12 hufikia 18 na zaidi juani. Pitishia kwenye kidhibiti chaji kinacholingana na aina ya betri, maana lithiamu haichajiwi kama risasi. Tumia waya wa shaba uliopakwa bati, usioliwa upesi na chumvi.

Betri ya risasi inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja. Nahodha, fungua kifuniko cha sehemu ya betri hewa ipite, na sigara ibaki ufuoni.