Kutoka Skuta hadi Ugenini: Yapi ni Kweli, Yapi ni ya Kusikia?

Hapa Skuta, mtaa wetu wa Nyeri, kijana akipata viza habari husambaa mtaa mzima. Harambee hupangwa, wazee humwombea, na kabla hajafunga begi kila mtu amekwisha kumshauri: jirani, kinyozi, dereva wa matatu, shangazi aliyewahi kufika Dubai. Ushauri huo hutolewa kwa mapenzi, lakini mwingine ni makosa matupu, na msafiri wa peke yake akishakwama hana wa kumuuliza. Ukiyasikiliza vizuri maneno hayo utagundua kwamba tunaihofia sana ndege, ilhali wengi huumia kwa mambo tunayoyapuuza: saa, karatasi na siku za kwanza mjini. Tuyapime moja moja.

"Huko juu hewa ni haba, utakosa pumzi."
UONGO, hasa kwa mtu wa Nyeri. Ni kweli kwamba ndege hupaa mita 10,000 na zaidi, mahali ambapo binadamu akiwa nje hawezi kuishi. Ndani, mitambo husukuma hewa hadi msongamano wake uwe kama wa nchi ya milima. Katika Boeing 787 Dreamliner, aina ambayo Kenya Airways ilianza nayo safari za moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York mnamo Oktoba 28, 2018, hewa ya ndani hulingana na ya mwinuko wa mita 1,800 hivi. Mji wa Nyeri uko karibu kabisa na kiwango hicho. Ndege za miundo ya zamani hufikia takriban mita 2,400, yaani karibu na Nyahururu. Mtu wa Lamu huenda akahisi tofauti, lakini wewe umekulia katika hewa hiyo.

Kitakachokusumbua ni ukavu. Unyevu wa hewa ndani ya ndege kwa kawaida huwa chini ya asilimia 20, ndiyo maana midomo hupasuka na koo hukauka. Kunywa maji mara kwa mara. Mwenye ugonjwa wa moyo, wa mapafu au upungufu wa damu amwone daktari kabla ya kusafiri.

"Kazi yako ni kukaa na kulala hadi mfike."
UONGO. Safari ya New York huchukua takriban saa 15. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kutangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kukaa safarini kwa saa 4 au zaidi bila kusogea huongeza mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, iwe ni ndani ya ndege, basi au gari. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000, kwa hiyo si jambo la kukunyima usingizi. Chezesha vifundo vya miguu, inuka, tembea kwenye ujia. Wengi wetu huona haya kumwomba jirani apishe. Mwombe kwa adabu, atapisha. Mjamzito, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, apate ushauri wa daktari kwanza.

"Tiketi inasema tarehe 10, basi nitatoka Skuta tarehe 10."
UONGO unaowagharimu watu nauli nzima. Ndege nyingi za masafa marefu huondoka Uwanja wa Jomo Kenyatta usiku. Tiketi ikiandikwa 00:30, tarehe 10, maana yake ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 10. Unatakiwa uwe uwanjani saa tatu kabla, yaani saa tatu na nusu usiku wa tarehe 9. Kutoka Nyeri hadi Nairobi ni kilomita 150 hivi, na foleni ya Thika Road haijui kama una safari. Panda matatu tarehe 9, mapema mchana. Atakayefika tarehe 10 asubuhi na jamaa zake wa kumsindikiza ataambiwa ndege iliondoka usiku.

"Ukishapata viza, umeingia."
UONGO. Viza hukuruhusu kufika mlangoni. Afisa wa uhamiaji ndiye anayeamua kama utaingia na utakaa muda gani. Mwanafunzi anayekwenda Marekani kwa viza ya masomo, kwa mfano, haruhusiwi kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza programu iliyoandikwa kwenye barua yake, hata kama viza ilitoka mapema. Barua ya chuo au ya kazi, ushahidi wa fedha na anwani ya unakofikia viwe kwenye begi unaloingia nalo ndani ya ndege, si kwenye sanduku linalopelekwa chini. Anwani na namba ya mwenyeji ziandike pia kwenye karatasi, kwa sababu simu inaweza kuzima au kukosa mtandao saa ileile unayoulizwa.

"Kadi ya manjano huisha baada ya miaka 10."
UONGO tangu Julai 11, 2016. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano sasa ni cha maisha. Kitunze.

"Huwezi kubeba chakula cha nyumbani."
KWELI KWA SEHEMU. Kahawa ya Nyeri iliyokaangwa na majani ya chai yaliyofungwa vizuri huruhusiwa kuingia Marekani. Nyama huzuiliwa, na nchi za Umoja wa Ulaya hukataza nyama na maziwa ya msafiri anayetoka huku kwetu. La msingi ni kusema ukweli kwenye forodha: ukitangaza kitu kisichoruhusiwa utanyang'anywa tu, lakini ukikificha unaweza kutozwa faini. Na kifurushi cha mtu usiyemjua vizuri usikipokee, hata kama anayekileta ni rafiki wa kanisani. Kikikutwa na kitu haramu, mwenye kesi ni wewe.

"Mtu wa Nyeri baridi haimtishi."
UONGO. Ukungu wa Julai tunaujua, lakini Januari ya Boston au Minneapolis hushuka chini ya sifuri. Tena giza ndilo huwashtua wengi. Sisi tuko chini ya kilomita 50 kutoka ikweta, na jua letu huchwa karibu saa ileile mwaka mzima. Boston, mwanzoni mwa Desemba, jua hutua kabla ya saa kumi na nusu alasiri.

Mwili wenyewe utakuwa bado unafuata saa za Kenya. Doha ina saa sawa na zetu, lakini New York iko nyuma kwa saa 7 au 8 kutegemea msimu. Kwa wastani mwili huhitaji kama siku moja kwa kila saa moja ya tofauti. Toka nje kukiwa na mwanga, lala kwa saa za huko, na katika wiki ya kwanza usitie sahihi mkataba wa nyumba wala deni ukiwa na kichwa kizito.

"Mwachie mwajiri pasipoti, itakuwa salama."
UONGO, na ndio wa hatari kuliko yote kwa wanaokwenda Ghuba. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Kenya na mwenye haki ya kuishika ni wewe. Sheria ya Qatar ya mwaka 2015 inamkataza mwajiri kuizuia. Acha nakala kwa mtu unayemwamini nyumbani, na uwe na namba ya ubalozi wetu kabla hujapanda ndege. Kenya ina balozi Doha, Riyadh na Abu Dhabi.

"Aliyeamua kwenda peke yake ajikaze, asisumbue watu."
UONGO, na historia ya Nyeri yenyewe inaukanusha. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, aliondoka Septemba 1960 pamoja na mamia ya wanafunzi waliopelekwa Marekani kwa mpango ulioongozwa na mwanasiasa Tom Mboya. Kutoka New York alisafiri kwa basi hadi chuo kilichoko Atchison, Kansas, akiwa na msichana mwenzake kutoka Kenya. Njiani, katika jimbo la Indiana, walikatazwa kukaa ndani ya mkahawa kwa sababu ya rangi yao. Chuoni walipokewa na watawa wa Kibenediktini waliokiendesha. Mwaka 1964 alihitimu shahada ya biolojia, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwanamke aliyekuja kusimama mbele ya serikali bila woga aliingia ugenini akiwa na mwenzake, akapokewa na watu.

Nawe fanya hivyo. Kabla hujaondoka, tafuta kanisa, msikiti au chama cha Wakenya cha mji unaokwenda, na mtu mmoja atakayejua saa ya kufika kwako. Ukiona usingizi, hamu ya kula na hamu ya kuongea vimepotea kwa wiki kadhaa, mwambie mtu wazi. Vyuo vingi vina washauri wa wanafunzi kwa kazi hiyo hasa.

Nasi tunaobaki tuna wajibu. Kijana hajamaliza wiki, tunampigia kuuliza ataanza kazi lini na atatuma nini. Kwa hofu ya kutuvunja moyo anasema yuko sawa, kumbe hajala vizuri tangu atue. Mwezi wa kwanza tusiombe pesa. Tumuulize amelala vipi, amekula nini, amepata nani wa kuzungumza naye, na akianza kujibu tumsikilize hadi mwisho.