Kumsomesha mtoto nyumbani Marekani: hesabu saa kwanza

Familia ikihamia Marekani na kuamua kumsomesha mtoto nyumbani, ratiba huanza na sheria ya jimbo. Tazama miji mitatu yenye wazungumzaji wa Kiswahili.

Buffalo, New York, darasa la 1 hadi la 6 hudaiwa saa 900 kwa mwaka, la 7 hadi la 12 saa 990. Gawa kwa siku 180: saa tano, au tano na nusu kwa siku. Mzazi hupeleka barua wilayani kufikia Julai 1, kisha mpango wa masomo na ripoti nne kila mwaka.

Louisville, Kentucky, ni saa 1,062 katika siku zisizopungua 170, yaani karibu saa sita na robo, pamoja na daftari la mahudhurio.

Columbus, Ohio, sharti la saa 900 liliondolewa mwaka 2023. Imebaki barua ya kila mwaka, kufikia Agosti 30.

Usiipuuze barua hiyo. Bila yake mtoto anaweza kuhesabiwa mtoro, na mzazi akaitwa kujieleza.

Saa hizo si lazima ziwe za asubuhi. Mama anayefanya kazi usiku aweza kuanza somo saa nane mchana. Na bibi aliyeko Muscat akimsomesha mjukuu kwa simu, akumbuke: saa mbili asubuhi ya huko ni saa kumi jioni kwake wakati wa kiangazi, na saa kumi na moja wakati wa baridi.