Je, Wajua? Wazee, Presha na Mashine ya Kupimia

Lusangi ni mojawapo ya zoni 18 za afya za jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jirani na Kasongo na Kabambare. Huko, kama kwingineko, mashine ndogo za kupimia mwili huwapa wazee maswali mengi, na maswali hayo yana msingi.

Je, wajua kwamba Kasongo iliwahi kufuatilia afya ya watu wake zamani kabla ya simu za mkononi? Kuanzia 1971, wahudumu wa hapo na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walijenga mtandao wa vituo vya afya. Walilinganisha uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35 waliochanjwa surua na wasiochanjwa, na matokeo yakatoka katika jarida la The Lancet mwaka 1981. Watoto wale leo wana miaka 50 hivi: nao wameufikia umri wa kupimwa presha.

Je, wajua kwamba presha haipigi hodi? Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu bilioni 1.28 wenye miaka 30 hadi 79 wanayo, na karibu nusu yao hawajui. Mzee anayesema "siumwi kitu, mnanipima nini?" hasemi uongo. Ila kutoumwa si ushahidi.

Je, wajua kwamba mashine hupima pia safari yako? Kabla ya kupimwa, kaa kimya dakika 5, egemea kiti, mkono uwe usawa wa moyo. Aliyefika kituoni akihema akafungwa mkanda wa kupimia papo hapo anaweza kupewa namba ya juu isiyo yake.

Je, wajua kwamba hata kifaa hukosea? Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2020 ulionyesha kuwa kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilishindwa kuona upungufu kwa wagonjwa Weusi karibu mara 3 zaidi ya Weupe. Mzee anayekitilia shaka ana sababu.

Je, wajua kwamba tangu Machi 2023 Kongo ina Kanuni ya Kidijitali inayogusa pia ulinzi wa taarifa binafsi? Ni muhimu kwa mzee ambaye simu anayotumia ni ya mjukuu: majibu ya vipimo yakitumwa humo, nani mwingine atayasoma?

Je, wajua kwamba Kenya, Septemba 2023, iliwapa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 simu pamoja na vifaa vya kupimia presha na sukari? Hapo mashine inaingia nyumbani mikononi mwa mtu anayefahamika mtaani. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha jambo hilohilo: wazee hukubali kifaa wanapoona faida yake na kupata wa kuwaelekeza, na hukikataa wakihofia kuwa kimekuja badala ya mganga.

Basi kabla ya kumfunga mzee wa Lusangi mkanda, jibu kwanza atakachouliza: namba ikipanda, dawa iko wapi, na nani atanifuatilia?