Vidonda vya kinywani vinavyorudi-rudi

Kuna maradhi makubwa ambayo watu wote huyaogopa, na kuna maradhi madogo ambayo hakuna anayeyasikitikia. Mtu akishikwa na malaria hufunikwa blanketi, huletewa uji, na majirani huja kumpa pole. Lakini mtu mwenye kidonda ndani ya mdomo, kidonda kisichozidi punje ya mtama, huulizwa kwa ukali: «Mbona huli? Mbona hujibu unaposalimiwa?» Hakuna anayekiona kidonda chake. Wazee walisema kweli: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Leo tunataka kuvieleza vidonda hivyo, hasa vile vinavyopona na kurudi tena, mwezi huu na mwezi ujao, mwaka hata mwaka. Tunafanya hivi kwa sababu mbili. Kwanza, vinatesa watu wengi katika jamaa zetu na shule zetu. Pili, mara nyingi ujinga juu ya vidonda hivi huleta hasara kubwa kuliko vidonda vyenyewe: dawa zinazounguza kinywa, na masengenyo yanayovunja nyumba.

VIDONDA HIVI NI NINI?

Waganga wa hospitali huviita afta. Neno hilo ni la Kigiriki, nalo linapatikana katika maandiko ya uganga yaliyohifadhiwa kwa jina la Hippocrates, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Basi si maradhi mapya, wala si maradhi ya taifa moja. Kadiri ya mtu 1 katika watu 5 huvipata wakati fulani wa maisha yake. Kwa kawaida huanza utotoni au katika ujana, na kwa wengi hupungua kadiri umri unavyoendelea.

Kabla ya kidonda kutokea, mgonjwa husikia mchomo, kana kwamba amegusa kaa la moto kwa ulimi. Halafu huonekana doa jekundu. Kisha doa hupasuka na kuwa kidonda cha mviringo, cheupe au cha manjano katikati, na duara jekundu pembeni. Hukaa mahali palipo laini: ndani ya midomo na mashavu, chini ya ulimi, au kwenye kaakaa laini karibu na koo.

Ziko aina tatu. Ya kwanza, nayo ndiyo ya wengi, ni vidonda vidogo visivyofika upana wa sentimeta 1. Hupona vyenyewe baada ya siku 7 hadi 14, pasipo kuacha kovu. Ya pili ni vidonda vikubwa vyenye kina, ambavyo huweza kukaa majuma mengi na kuacha kovu. Ya tatu ni vidonda vidogo sana, vya milimeta 1 hadi 3, vinavyotokea vingi pamoja, kama mbegu zilizomwagwa.

VINATOKA WAPI?

Elimu ya uganga haijamaliza kazi yake katika jambo hili, lakini mengi yanajulikana. Vidonda hivi havitokani na uchafu wa mgonjwa wala na dhambi yake. Mungu ameuweka ndani ya mwili ulinzi wa kupigana na vijidudu. Nao, kwa wagonjwa hawa, hukosea adui: askari wa mwili huushambulia utando wa kinywa wenyewe. Hali hiyo mara nyingi hufuata ukoo: baba au mama mwenye vidonda huweza kumrithisha mtoto udhaifu huo.

Tena yako mambo yanayoviamsha. Kujiuma shavu wakati wa kula, mswaki mgumu, jino lililovunjika lenye ncha, ganda la muwa linalokwaruza: jeraha dogo kama hayo hugeuka kidonda. Mahangaiko ya moyo na kukosa usingizi navyo vina sehemu yake; ndiyo maana wanafunzi wengi huvipata wakati wa mitihani. Wanawake wengine huvipata karibu na siku zao za mwezi. Hata mtu aliyeacha sigara huweza kuvipata katika majuma ya kwanza. Naye asirudie sigara kwa sababu hiyo, maana vidonda vitapita, lakini madhara ya tumbaku ni makubwa zaidi.

Mwishowe, wagonjwa wengine hukosa katika damu yao chuma, au asidi ya foliki, au vitamini B12. Hapo vidonda ni kama kengele: vinatangaza kwamba ndani ya nyumba kuna upungufu.

MANENO YASIYO YA KWELI

Tuseme wazi, kwa kuwa jambo hili linahusu amani ya nyumba zetu. Afta haziambukizi. Hazipiti kwa kikombe, wala kwa kijiko, wala kwa busu la mama kwa mtoto. Basi mume asimshuku mke wake, wala mke asimshuku mumewe, kwa sababu ya kidonda cha namna hii. Wala jirani asishtakiwe kwamba ametia sumu katika pombe, wala bibi kizee asiitwe mchawi. Ni aibu kwa Wakristo kumtenga mama mzee kwa sababu ya kidonda ambacho kingepona chenyewe kabla ya Jumapili mbili kupita!

Lakini msichanganye afta na malengelenge ya midomo. Hayo huletwa na kirusi kiitwacho hepesi. Huanza kwa vijipu vidogo vyenye maji, mara nyingi nje kwenye ukingo wa mdomo, nayo huambukiza kweli. Mwenye malengelenge asimbusu mtoto mchanga mpaka apone.

MATUNZO YA NYUMBANI

Dawa ya moto ni moto, husema methali. Methali hiyo haihusu kinywa! Wako watu wanaopaka pilipili au kusugua kidonda mpaka damu itoke, wakidhani kwamba maumivu makali huondoa maumivu. Wengine huweka kidonge cha aspirini juu ya kidonda. Aspirini ni asidi, nayo huunguza utando na kukifanya kidonda kiwe kikubwa zaidi. Acheni desturi hizo.

Fanyeni hivi. Chemsheni maji, yaacheni yawe vuguvugu, tieni nusu ya kijiko kidogo cha chumvi katika glasi moja. Mgonjwa asukutue polepole na kutema, mara tatu au nne kwa siku, hasa baada ya kula. Dawa hii ni rahisi, nayo husafisha kidonda. Kwa siku zile mgonjwa aepuke pilipili, ndimu, nanasi, karanga ngumu na chakula cha moto sana. Apewe uji uliopoa, ndizi mbivu, mayai, maharagi yaliyopondwa.

Meno yaendelee kusafishwa, hata kama inauma, maana kinywa kichafu huchelewesha kupona. Mswaki uwe laini; na mwenye kutumia kijiti cha mti akitafune vizuri mpaka nyuzi zake zilainike. Wagonjwa wengine wamepata nafuu kwa kubadili dawa ya meno, wakichagua isiyo na sodiamu laurili salfati, kitu kile kinacholeta povu jingi.

Ikiwa maumivu ni makali, waganga wanazo dawa nyingine: maji ya kusukutua yenye klorheksidini, mafuta ya kutuliza maumivu, na dawa ya kupaka yenye kortizoni. Hiyo ya kortizoni hufaa zaidi ikianzwa mapema, mchomo unapoanza kusikika. Lakini msiinunue ovyo sokoni, maana ikitumiwa vibaya huweza kuleta utando mweupe wa kuvu kinywani. Mwulizeni kwanza mwuguzi wa dispensari.

Tena tunawashauri wagonjwa wawe na daftari. Andikeni siku kidonda kilipoanza, mlichokula, kazi na mashaka ya juma lile, na siku kilipopona. Baada ya miezi michache mtaona njia ambayo adui hupitia, na mganga atasoma daftari hilo kwa faida kubwa.

CHAKULA NA DAMU

Mwenye vidonda vinavyorudi mara kwa mara, na hasa akiwa mchovu na mweupe wa viganja, apimwe damu. Labda mwili wake unakosa chuma. Katika nchi zetu chuma hupotea mara nyingi kwa sababu ya minyoo ya safura, inayonyonya damu ndani ya matumbo. Kwa hiyo choo safi, viatu miguuni na dawa ya minyoo ni sehemu ya matunzo ya kinywa, ingawa hatungefikiri hivyo.

Sombe, lengalenga na maharagi yana asidi ya foliki na chuma. Lakini majani yasichemshwe kupita kiasi, maana moto mrefu huharibu asidi ya foliki. Sombe peke yake ipikwe vya kutosha, kwa sababu ikiwa mbichi ina sumu. Chai na kahawa zisinywewe pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia chuma kuingia katika damu. Vitamini B12 haimo katika majani wala katika ugali. Imo katika nyama, maini, mayai, maziwa na samaki. Ndagala wachache katika chungu, wanaoliwa na kichwa chao, ni msaada mzuri kwa jamaa isiyoweza kununua nyama. Mwaka 2009 waganga wa Israeli walitangaza kwamba wagonjwa waliopewa vitamini hiyo kila siku kwa miezi 6 walipata vidonda vichache kuliko wale wasiopewa.

LINI TUENDE HOSPITALI?

Tumesema kwamba afta ni maradhi madogo. Lakini si kila kidonda cha kinywa ni afta, na hapo ndipo maisha ya mtu huweza kupotea.

Kidonda kinachozidi majuma 3 bila kupona lazima kionwe na mganga, hasa kwa mtu mzima anayevuta sigara au kunywa pombe kali, maana saratani ya kinywa huweza kuanza hivyo, mara nyingine bila maumivu. Mwenye vidonda kinywani na sehemu za siri, pamoja na macho mekundu yanayouma, aende upesi: yuko mgonjwa wa namna hiyo aliyeelezwa mwaka 1937 na mganga wa Kituruki, Hulusi Behçet, na ugonjwa wake huweza kupofusha. Vidonda vikubwa visivyopona, pamoja na kukonda na homa, vinaomba pia kupimwa UKIMWI. Si kwamba kila kidonda ni UKIMWI, la! Lakini anayejua mapema hutibiwa na kuishi.

Ninyi akina mama, sikilizeni zaidi neno hili. Mtoto mdogo, hasa wa miaka 2 hadi 6, aliyekonda kwa njaa au aliyetoka kuugua surua, akianza kuvimba ufizi, kutoka damu na kunuka mdomo, msingoje hata siku moja. Huenda ni noma, ugonjwa unaokula ufizi, halafu shavu, kwa siku chache tu. Asipotibiwa, watoto hata 9 katika 10 hufa, na anayepona hubaki na uso ulioharibika. Lakini ukishikwa mwanzoni, dawa za kuua vijidudu, kusafisha kinywa na chakula chema huuponya. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni liliuandika katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa ya nchi za joto. Sisi tusiusahau.

NENO KWA WAKRISTO

Wagonjwa wengine hawathubutu kusukutua kabla ya Misa, wakiogopa kuvunja mfungo wa Komunyo. Waondoe hofu. Tangu mwaka 1964 mfungo huo ni wa saa moja tu, nayo sheria ya Kanisa yasema kwamba maji na dawa havivunji mfungo. Na ambaye kinywa chake kinauma sana anaweza kumwomba padri kipande kidogo cha hostia. Katika kila kipande Kristo yumo mzima.

Walimu nao wamhurumie mwanafunzi asiyetaka kusoma kwa sauti siku hizo. Wasimwite mvivu kabla ya kumwuliza. Na wewe mgonjwa, sema mapema, pasipo kuona haya. Maumivu yaliyofichwa hugeuka hasira, na jamaa hudhani kwamba unawachukia. Waambie tu: «Nina kidonda, kitapita.» Watakupoozea uji, wala hawatakulazimisha kuzungumza.