Mkono wa Mwanamuziki: Utangulizi

Mwaka 1964 Leon Fleisher, mpiga piano mahiri wa Marekani, aliona vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kulia vikijikunja kuelekea kiganjani kila alipoketi kupiga. Huku ziara kubwa ikimsubiri, alifanya kile ambacho kila mwanafunzi wa muziki hufundishwa kufanya: alizidisha mazoezi. Vidole vikazidi kujikunja. Ikapita miaka karibu 30 ndipo akapata jina la maradhi yake, distonia, na tiba ya kuyapunguza makali.

Elimu ninayokukaribisha ndani yake, tiba ya wanamuziki, ingemfaa sana mtu huyo, lakini wakati ule ilikuwa haijasimama. Mbegu zake zilikuwapo. Daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika juu ya maradhi ya wafanyakazi mwaka 1700, na Kurt Singer, daktari na mwanamuziki wa Berlin, alitoa kitabu kizima juu ya maradhi ya wanamuziki mwaka 1926. Ila wapigaji wenyewe walinyamaza, na sababu inaeleweka: anayejulikana kuwa mkono wake una kasoro hapewi kazi. Aliyesaidia kuuvunja ukimya huo ni mpiga piano mwingine, Gary Graffman, ambaye naye mkono wa kulia ulimkataa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1981 habari zake zilitoka katika gazeti la New York Times, na wanamuziki wengi wakaanza kuwatafuta madaktari wa Boston waliokuwa wakimtibu. Miaka michache baadaye, uchunguzi wa wanamuziki 2,212 wa okestra za Marekani ulionesha kuwa asilimia 76 walikuwa na angalau tatizo moja la kiafya lililo kubwa kiasi cha kuathiri upigaji wao. Naomba usiipite namba hiyo haraka. Hao ni watu waliofunzwa vizuri na wenye vyombo vizuri. Ikiwa watatu kati ya kila wanne wamepatwa, hatuwezi tena kumwambia anayeumia kwamba ni mzembe. Ni madhara ya kazi, kama mgongo wa mpagazi.

Mara nyingi kinachoharibika ni misuli na kano. Vidole huvutwa na misuli iliyo kwenye kigasha, kwa kano ndefu zinazopita katika njia nyembamba ya kifundo cha mkono. Mtu akiongeza ghafla saa za mazoezi, akibadilisha chombo, au akikaza bega bila kujijua, kano hizo husuguana na kuvimba. Maumivu ya namna hii yakiwahiwa hutibika kwa wepesi; yakipuuzwa huwa sugu. Katika njia hiyohiyo hupita neva, nayo ikibanwa, vidole hufa ganzi, hasa usiku.

Distonia ni jambo jingine, na kwangu ndiyo sehemu ya elimu hii inayostaajabisha kuliko zote. Mkono wenyewe ni mzima, na mara nyingi hauumi. Hitilafu iko ubongoni, ambako kila kidole kina eneo lake. Kwa mtu aliyerudia miondoko ileile ya kasi kwa miaka mingi, mipaka ya maeneo hayo huweza kufifia, na amri iliyotumwa kwa kidole cha pete ikaitikiwa pia na jirani yake. Mtu huyo anaweza kushindwa kabisa kupiga skeli, kisha akafunga vifungo vya shati bila taabu. Fleisher alisaidiwa na sindano za botoksi, ambazo hulegeza misuli, pamoja na kukandwa, na mwaka 2004 ikatoka albamu yake ya mikono miwili. Hata hivyo maradhi hayakumwacha kabisa.

Kisha kuna ajali. Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyekulia Ufaransa, aliungua mwaka 1928 moto uliposhika gari alimoishi, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikakakamaa. Alijifunza gitaa upya kwa vidole viwili vilivyobaki. Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Vienna, alipoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza, akawaagizia watunzi kazi za mkono wa kushoto, ikiwemo konseto ya Ravel iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1932. Nazipenda habari hizi, lakini zikisimuliwa vibaya humfanya mgonjwa aamini kuwa ushujaa unatosha. Reinhardt aliuguzwa miezi mingi. Wittgenstein alikuwa na mali ya familia ya kuwalipa watunzi.

Elimu hii imejengwa zaidi juu ya piano na fidla, na hapo ndipo wewe, msomaji wa Afrika Mashariki, unapohitajika. Mpiga kanuni wa taarabu hupiga nyuzi kwa vidole vya shahada vilivyovishwa pete; mpiga ilimba wa Kigogo huviachia vidole gumba kazi yote; mpiga ngoma wa harusini huipiga ngozi kwa kiganja kitupu. Mtaalamu wa fiziotherapia akiletewa mmoja wao, amwombe aje na chombo chake, kwa sababu mkono uliotulia mezani huonesha machache. Atazame bega, kiti, na mkanda wa ngoma ulipokaa. Aulize saa za kupiga ziliongezeka lini. Na kama wewe ndiye mwenye mkono unaouma, anza na sura ya tatu, inayohusu siku za mwanzo za maumivu. Historia utairudia baadaye.