Mafuta ya mchaichai si chai: Kabla ya kunywewa yapimwe

BARIDI ya Juni na Julai inapoingia Songea, chai ya mchaichai huchemka katika nyumba nyingi. Mmea hauna gharama: shina moja likipandwa karibu na bomba, baada ya miezi michache ni kichaka. Haishangazi mkulima akivutiwa na wazo la kukamua mafuta yake na kuyauza kwenye chupa ndogo.

Yakiuzwa kwa ajili ya sabuni au kufukuzia mbu, shida ni ndogo. Mambo hubadilika lebo inaposema yanafaa kunywa.

Utetezi unaosikika ni kwamba wazee wameunywa mchaichai miaka nenda rudi. Ni kweli, ila walikunywa chai. Mafuta hupatikana kwa kupitisha mvuke kwenye majani na kuupoza, njia isiyo mbali na mtambo wa gongo, na kilo 100 za majani mabichi hutoa takriban gramu 200 hadi 500 tu. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ni sawa na kilo nzima ya majani au zaidi. Hakuna bibi aliyewahi kuchemshia kikombe kimoja majani kiasi hicho.

Takriban robo tatu ya mafuta hayo ni sitrali, kemikali inayoyapa harufu ya limau. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO iliweka kikomo cha miligramu 0.5 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 hukifikia kwa karibu tone moja; kwa mtoto wa kilo 12, hata robo ya tone imezidi. Kukipita siku moja si kunywa sumu, kwani kikomo ni cha ulaji wa kila siku maisha yote. Lakini mafuta ya mkaratusi yamewahi kuwatia watoto degedege kwa kumeza mililita chache tu.

Vipimo huanza kwa kujua kilichomo, kwani mafuta hutofautiana kwa shamba, msimu na hata pipa lililotumika. Kisha panya hupewa dozi moja na kuangaliwa siku 14. Wengine hupewa kila siku kwa siku 28 au 90, ndipo ini na figo zao zichunguzwe.

Taasisi ya tiba asili iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, yenye uzoefu wa kazi hiyo, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea. Bidhaa ikiitwa dawa, mlango ni TMDA au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ikiitwa chakula, tangu 2019 ni TBS.

Kwa mwenye nusu ekari, kipimo cha siku 90 hakilipiki. Anachoweza ni kuandika "Si ya kunywa" kwenye chupa, na majani mengine kuyakausha na kuyauza kama chai.